Rangi Gani Hiyo, Darasa?

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi kidogo sasa, na katika miaka hiyo yote mtu wa mwisho kujua kwamba rangi imebadilika darasani nimekuwa mimi mwenyewe.

Sioni tofauti ya nyekundu na kijani. Watu wakisikia hivyo hudhani naiona dunia nyeusi na nyeupe kama picha za zamani. Sivyo. Bluu naiona, tena naiona vizuri mno, na njano naiona. Lakini nyekundu na kijani kwangu ni mapacha. Ukinionyesha mmoja, nitakubali jina lolote utakalompa.

Nilizaliwa upande wa Kisorya, pale watu wanapovukia kwenda Ukerewe. Mama akinituma bustanini nikachume nyanya zilizoiva, narudi na kikapu kimejaa, nusu zimeiva na nusu ni ngumu kama mawe. Akawa anasema mtoto huyu ana haraka. Hakuna aliyefikiria macho, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanaona mbuzi aliyejificha kwenye mahindi kabla ya mtu mwingine yeyote. Halafu tulikuwa na mjomba wangu, kaka yake mama, mvuvi wa dagaa. Yeye aliwahi kupaka mtumbwi wake rangi nyekundu, kopo likaishia katikati, akachukua kopo jingine akamalizia kwa kijani. Pale ufukweni wakausifu sana ule mtumbwi, wakasema mzee ana ubunifu. Mjomba akawa anajiuliza kuna nini cha kusifia kwenye mtumbwi wa rangi moja.

Kemia niliipenda kwa ajili ya mrututu. Nikiwa kidato cha kwanza mwalimu wetu alichukua chembe za mrututu, zile za bluu kali, akazipasha moto mpaka zikawa unga mweupe, kisha akadondosha tone moja la maji, bluu ikarudi. Darasa zima lilishangaa, na mimi nilishangaa kama wao, kwa sababu hiyo niliiona yote. Nikasema, basi, hili ndilo somo langu. Sikujua kwamba kemia haina bluu peke yake.

Nililijua hilo chuoni, siku tulipoanza kupima asidi na besi kwa tone moja moja, ukingoje rangi igeuke. Mimi nilingoja sana. Mwenzangu niliyepangwa naye meza moja alinitazama nikifungulia bomba mpaka chupa nzima ikaisha. "Wewe," akaniuliza taratibu, "unasubiri nini?" Nikamwambia nasubiri rangi ya waridi. Akacheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo tukagawana kazi: yeye macho, mimi hesabu. Mimi nashika bomba, yeye anatazama. Rangi ikija anakohoa. Watu waliokuwa meza za jirani walimwonea huruma kwa kifua chake.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa shule ya kata upande wa Butiama, shule yenye miamba mikubwa nyuma ya madarasa, na maabara iliyokuwa chumba chenye meza nzuri na kabati karibu tupu. Mwenzangu wa kukohoa alikuwa amepangiwa mkoa mwingine. Nikakaa nikafikiri. Kemikali hazipo, lakini choya, yale maua makavu ya kutengenezea juisi, zipo sokoni. Ukizichemsha choya unapata maji mazito; ukiyatilia kitu kichachu yanakuwa mekundu ya kung'aa, ukiyatilia majivu au magadi yanageuka kijani. Hivyo ndivyo nilivyosoma, na sikuwa na sababu ya kubishana na kitabu. Kwangu mimi yalikuwa maji ya choya mwanzo, na maji ya choya mwisho.

Kwa hiyo nikawa na utaratibu wangu. Namimina maji ya choya kwenye mrija wa kioo, naongeza kitu, nainua mrija juu ili wote waone, kisha nauliza kwa sauti, "Rangi gani hiyo, darasa?"

Nao wanajibu kwa pamoja, "Nyekunduuu!"

"Kwa hiyo ni nini?"

"Asidiii!"

Mwalimu wa taaluma alipita dirishani siku moja, akasimama, akasikiliza. Kwenye kikao cha walimu akanitolea mfano. Alisema kuna walimu bado wanahubiri darasani, na kuna walimu wanaotumia mbinu shirikishi, wanaowaacha wanafunzi wenyewe watazame na kusema. Walimu wakanipigia makofi. Nami nikainamisha kichwa, na naamini walidhani ni unyenyekevu.

Wanafunzi walilipenda sana jambo lile. Niliwaambia walete vitu kutoka nyumbani tuvipime, nao wakaleta: maji ya sabuni, ukwaju, maziwa mgando, majivu ya jikoni, maji ya ziwa ambayo mmoja aliyafunga kwenye mfuko wa plastiki kutoka kwa shangazi yake Musoma. Kipindi cha kemia kilikuwa saa ya joto, baada ya chakula, lakini hakuna aliyesinzia.

Aliyenigundua alikuwa msichana wa dawati la mbele, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Mama yake alikuwa anatengeneza ashkrimu za kuuza. Alinieleza baadaye kwamba alianza kunishuku siku nilipomnyooshea kidole mwenzake aliyekuwa anapiga kelele, nikamwita "wewe mwenye sweta la kijani." Shule nzima ilikuwa inavaa sweta za rangi ya damu ya mzee.

Hakuniambia kitu. Aliwaambia wenzake. Wakapanga.

Siku hiyo tulikuwa tumeshapima majivu, na mrija wa majivu ulikuwa umesimama mezani. Msichana akainuka na chupa ya maji mkononi. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe kama maji, hakina harufu.

"Sir, na hii pia."

"Ni nini?"

"Utatuambia wewe, Sir."

Nikafurahi, hivyo ndivyo mwanasayansi anavyopaswa kuanza. Nikamimina kidogo kwenye mrija wenye choya, nikautikisa, nikauinua. "Rangi gani hiyo, darasa?"

"Kijaaani!"

Walijibu kwa sauti moja iliyonyooka, bila mmoja kuchelewa. Ningetakiwa kujua palepale. Darasa lile halikuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote tangu nilipolifahamu. Lakini nikageuka ubaoni nikaandika: kijani, kwa hiyo besi. Nikapiga mstari chini yake.

"Haya, sasa tuambie ulituletea nini."

"Ni ule unga mchachu, Sir, ambao mama anawekaga kwenye ashkrimu. Nimeukoroga na maji."

Unga mchachu ni asidi. Hata mtoto wa chekechea anayelamba ashkrimu anajua kuwa unachachua ulimi. Darasa likaanza kutetemeka kwa kicheko cha kubanwa, na mimi nimesimama na chaki, nyuma yangu limeandikwa neno besi lenye mstari chini.

Wakati huohuo mlango ukafunguka, akaingia mvulana mmoja na ndoo. Ilikuwa zamu yake kuchota maji, kwa hiyo njama ile hakuijua. Alikuwa kijana mkimya wa nyuma kabisa, ambaye walimu wengi walimhesabu kuwa mvivu. Nikaona ndiye wa kuniokoa. Huyu hajapangwa na mtu, atasema kweli, nami nitajua nimesimama wapi.

"Wewe hukuwepo," nikamwambia. "Tua ndoo, njoo hapa." Nikainua mirija yote miwili, ule wa majivu na ule wa unga mchachu. "Waambie wenzako hizi ni rangi gani."

Akautazama mmoja. Akautazama wa pili. Akanitazama mimi, kama mtu anayehisi ametegwa.

"Zinafanana, Sir."

Darasa likalipuka. Wengine walipiga madawati, mmoja akatoka nje kabisa kucheka vizuri. Mvulana akabaki amesimama, masikio yamemsimama. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishi umri ule wote, nimepita shule na chuo, na sijawahi kumsikia mtu mwingine akisema kwa sauti kile ninachokiona mimi.

"Hebu rudia."

"Zinafanana, Sir. Samahani."

"Usiombe samahani. Hata mimi naona zinafanana."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikaiweka mirija mezani, nikavuta kiti, nikakaa, jambo ambalo sikuwa nalifanya kamwe darasani. Nikawaambia. Niliwaeleza nyanya za mama, na mwenzangu aliyekuwa ananikoholea, na jinsi kitu chekundu na kitu cha kijani vinavyonijia vyote kama udongo wa njia, tofauti yake ni kidogo tu. Niliwaambia hili lina jina, linaitwa upofu wa rangi, na wanaume wanalipata zaidi, na si ugonjwa wala si ujinga.

Msichana wa dawati la mbele alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kwa hiyo, Sir, ukituuliza rangi gani, ulikuwaga huulizi ili sisi tujifunze? Ulikuwaga unauliza kweli?"

"Nilikuwaga nauliza kweli."

Wakatazamana. Halafu mmoja akasema, "Kwa hiyo kemia tulikuwa tunakufundisha sisi," na hapo hata mimi nikacheka mpaka nikafuta macho.

Mvulana wa ndoo hakucheka. Alikuja meza ya mbele peke yake wengine walipotoka. Aliniambia kwamba kwenye somo la jiografia alichora ramani, akapaka misitu rangi, na mwalimu akamwambia ameichoma moto Kongo nzima. Alikuwa amerudishiwa ile ramani mara tatu. Hakuelewa anakosea wapi, akaacha kuchora. Akaniuliza, "Sir, inatoka?"

"Haitoki. Lakini haiumi."

Akafikiri. "Basi sawa," akasema, akachukua ndoo yake.

Kesho yake asubuhi mama yake alinikuta nje ya ofisi ya walimu. Anaishi si mbali na Mwitongo, mkulima wa mihogo na mtama, mama wa Jumuiya, amejifunga kitenge vizuri kama mtu anayekwenda misani. Alinisalimu, nikamsalimu, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu ameniambia kwamba wewe na yeye mna macho ya aina moja."

"Ndiyo, mama. Naona hivyo."

"Ni kilema?"

"Hapana, mama. Ni namna tu ya kuona. Mtoto anaipata kwa mama yake. Mama mwenyewe anaona vizuri, lakini anaibeba."

Akaweka mkono kifuani. "Kwa hiyo nimempa mimi?"

"Umempa wewe, na mimi nimepewa na mama yangu. Na bado ugali tunakula."

Alicheka, lakini mara akaanza kuhesabu watu wa kwao kichwani. Niliona midomo inatembea. "Kaka yangu," akasema. "Kaka yangu mkubwa. Kumbe! Yule mtu tangu tukiwa wadogo tunamwita mkaidi. Unamwambia lete ng'ombe mwekundu, anakuletea yeyote." Akapiga mikono. "Miaka yote hiyo tumemsema bure!"

Yeye ndiye aliyetaka twende hospitali, si kutafuta dawa, bali kusikia kwa mwenye kazi yake. Nilikuwa na safari ya kufuata vifaa vya shule Musoma wiki iliyofuata, basi tukaenda watatu: mama, mwanawe na mimi. Nami sikuwahi kupimwa maishani. Nilijua jina la hali yangu kutoka kitabuni tu.

Daktari wa macho alikuwa dada mchangamfu. Alituketisha mimi na mvulana kwenye benchi moja, mama akasimama nyuma yetu, kisha daktari akafungua kitabu chenye duara zilizojaa vidoti. Kwenye ukurasa wa kwanza wote tuliona namba. Tukajipongeza. Akafungua wa pili.

"Mnaona namba gani hapa?"

"Hakuna namba," mvulana akasema.

"Mwalimu?"

"Hakuna namba hapo, daktari."

Nyuma yetu mama akanong'ona, "Jamani, si hiyo hapo!" Daktari akamwomba anyamaze. Kurasa zikaenda, sisi tunasema hakuna, hakuna, na mama kila ukurasa anavuta pumzi kama mtu anayetazama mpira ukipita nje ya goli. Kisha daktari akafungua ukurasa mmoja, akatabasamu.

"Tano," nikasema. Mvulana akasema palepale, "Tano."

"Tano iko wapi?" mama akauliza. Akainama karibu na kitabu, akavisogelea vidoti mpaka pua ikakaribia kugusa. "Mbona mimi sioni kitu?"

"Huoni, mama, hata mimi siioni," daktari akasema. "Huu ukurasa umetengenezwa hivyo. Wenye macho kama ya hawa wawili ndio wanaoona namba. Sisi wengine tunaona vidoti tu."

Mvulana aligeuka akanitazama. Sijasahau sura ile. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba ameshinda mashindano ambayo hakujua kuwa ameingia. Njia nzima kutoka hospitali mpaka Mwigobero alikuwa anamwambia mama yake, "Lakini tano ilikuwa pale, mama. Kubwa kabisa." Mama naye anajibu, "Hebu niache na tano yako."

Tulikaa Mwigobero, karibu na ziwa, tukaagiza sato wa kukaanga na ugali. Mvulana alikunywa soda yenye chupa ya plastiki ya kijani, hivyo ndivyo mama yake alivyotuambia rangi yake, na alipoimaliza akawa anaichezea, anaiweka jichoni kama darubini, anatazama mitumbwi, anatazama watu. Mara akatulia. Jirani yetu palikuwa na mwanamke anayeuza pilipili hoho, amezichanganya kwenye sinia moja.

"Sir," akasema, bado chupa iko jichoni. "Kuna hoho nyingine zimekuwa nyeusi. Nyingine hazijawa."

"Nipe."

Nikaiweka jichoni. Ni kweli. Bila chupa, sinia lile lilikuwa lundo la hoho za rangi moja. Kwa chupa, nusu yake zilikuwa zimeingia giza na nusu zimebaki nyepesi. Nikamwita mwenye hoho. "Samahani, dada, hebu nionyeshe hoho nyekundu moja." Akaniokotea. Ilikuwa miongoni mwa zile nyeusi. Mvulana akanyoosha kidole. "Na hiyo ni nyekundu. Na ile. Na ile ya chini yake." Akapatia zote. Mwenye hoho akatutazama, akamtazama mama. Mama akamwambia, "Wako salama, ni mwalimu na mwanafunzi."

Mimi mwalimu wa kemia nilikuwa nimeshika hata vipindi vya fizikia, nimefundisha habari za mwanga na rangi, nimeziandika ubaoni kwa mkono wangu, kwamba kioo cha kijani hupitisha kijani na kuzuia nyekundu. Haikunijia hata siku moja kuiweka chupa jichoni. Tuliomba chupa nyingine mbili pale hotelini. Tukaondoka nazo Musoma kama watu waliopewa zawadi.

Shuleni mambo hayakuwa mabaya, lakini kwa muda yalichosha. Kila mwenye upofu wa rangi anajua kinachotokea watu wakishajua: kila mtu anakushikia kitu mbele ya macho. Hii rangi gani? Na hii? Mvulana alionyeshwa daftari, majani, kuku wa mlinzi, soksi. Alijibu kwa uvumilivu, lakini nilimwona anaanza kuchoka. Nikataka nifanye kipindi kimoja ambacho macho ya wote hayana kazi.

Nikakumbuka kitunguu. Nilichana shati langu kuukuu vipande vidogo, nikavifungia kwenye kopo pamoja na vitunguu vilivyokatwakatwa, vikalala humo mpaka asubuhi vikanuka hasa. Kitambaa cha namna hiyo ukikidondoshea asidi, harufu inabaki. Ukikidondoshea besi, inapotea. Nilikuwa na kostiki kidogo ya kutengenezea sabuni, nikaichanganya na maji mengi, na kazi ya kudondosha nikaifanya mimi mwenyewe. Wao kazi yao kunusa. Nikawaambia wavue tai, wafunge macho.

Basi fikiria chumba kilichojaa vijana waliofungwa tai usoni, wanapitishiana vijitambaa, wanapeperusha harufu kwa mkono kuelekea puani kama nilivyowafundisha. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkuu wa shule, na nyuma yake mama mmoja mwenye miwani na mkoba, mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, kutoka wilayani. Walikuja bila taarifa.

"Mwalimu," mkuu akasema polepole, "hapa kuna nini?"

Kabla sijajibu, msichana wa dawati la mbele, macho yamefungwa, akageuka kuelekea sauti ile akasema kwa ukali wa kiranja, "Nyamaza wewe! Tunanusa!"

Nilitamani sakafu inimeze. Mama mthibiti aliweka mkoba wake chini, akaja mpaka mezani. "Mnanusa nini?"

Nikamweleza kwa kifupi, nikijikwaa maneno. Akasikiliza, kisha akavua miwani, akatoa leso, akajifunga macho yeye mwenyewe. Akakaa kwenye dawati la nyuma, karibu na mvulana wangu.

"Haya, nipeni na mimi."

Mvulana akampa kitambaa. Akanusa. "Kitunguu," akasema.

"Kwa hiyo ni nini, mama?" mvulana akamuuliza, bila kujua anamhoji nani.

"Mmm. Asidi?"

"Vizuri sana. Na hiki?"

Akanusa tena, muda mrefu. "Hiki sina uhakika. Kama kipo kwa mbali."

"Nusa taratibu, usiwe na haraka."

"Hakipo."

"Basi ni besi," mvulana akasema. "Umepata yote mawili."

Tai zilipovuliwa na wakaona wamekaa na nani, msichana alifunika uso kwa mikono na akaugandisha mezani mpaka mwisho wa kipindi. Mama mthibiti aliniuliza nimepata wapi wazo lile. Mkuu alikuwa amesimama pale, darasa lote linanitazama, nikaona hakuna haja ya kupamba. Nikamwambia kwamba mimi na mwanafunzi huyu hatuoni rangi vizuri, kwa hiyo tunatafuta njia nyingine za kujua. Nikamwonyesha na zile chupa za soda. Alizijaribu, akatazama mirija ya choya kwa jicho moja, akasema kwamba amezunguka shule nyingi na hajawahi kukaa kipindi kizima bila kuangalia saa. Mkuu wa shule alitembea naye mpaka kwenye gari akiwa na furaha, na mimi sikuulizwa tena habari ya kunyamazishwa kwake.

Mvulana alimaliza kidato cha nne na kemia akaifaulu, si kwa alama za kutisha, lakini alifaulu vizuri, na mtihani wa vitendo ndio aliofanya bora zaidi. Sasa yuko chuoni anasomea mambo ya maji, namna ya kupima kama yanafaa kunywewa. Msichana ni muuguzi, na naambiwa wodi yake ni tulivu sana. Mimi nimehamia Bunda, nakaa Kabasa, na madarasa yangu mapya nayaambia siku ya kwanza kabisa, kabla hawajanipangia ashkrimu.

Matokeo yale ya kidato cha nne yalipotoka, mama wa mvulana alinialika nyumbani. Alikuwa ameandaa kuku, ugali wa mtama na mlenda, na watu wa Jumuiya walikuwa wamejaa uani wakiimba. Alitaka hasa nikutane na kaka yake, yule aliyeitwa mkaidi, ambaye sasa alikuwa mzee wa heshima na alikuwa ameombwa radhi na ukoo mzima. Alifika mchana, amenyoa, amevaa shati jipya lililopigwa pasi. Akaketi kati yangu na mpwa wake, tukashikana mikono kwa muda mrefu.

"Wajomba," akatuambia kwa sauti ya chini, akilivuta shati mbele, "nimelinunua kwa ajili ya leo. Nilitaka kitu cha heshima, rangi ya kijivu. Linaonekanaje?"

Tulilitazama kwa makini, mimi na mvulana. Tukakubaliana kwamba ni kijivu kizuri, kimetulia, kinamfaa mtu mzima.

Mama, aliyekuwa anapita na sinia la ugali, alilitazama shati, akatutazama sisi watatu, akakimbilia jikoni. Tulimsikia huko akicheka na wanawake wenzake kwa muda mrefu, na chakula kikachelewa kidogo.